Darasa la nne kwa vitendo mwaka mzima: kijiti, chupa ya mvua, sado na udongo (uzi mrefu)

Mwl_LaNne (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Nafundisha darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali mkoani Morogoro. Darasa lina watoto zaidi ya tisini, madawati hayatoshi, maabara hatuna. Mwaka huu sayansi, hisabati na jiografia tumezisoma kwa mikono tangu Januari mpaka tulipofunga Desemba. Naandika hapa kwa sababu kila nikikutana na walimu wenzangu kwenye mafunzo, maongezi ya vitendo huishia kwenye zana: nani kachora manila nzuri, nani kaning'iniza maboksi ukutani, nani kapigiwa makofi na mthibiti ubora. Msimamo wangu ni kwamba zana ya kutazamwa haimfikishi mtoto mbali. Kinachomfikisha ni kupima kitu kilekile tena na tena mpaka kile kitu kimletee mambo asiyoyatarajia, halafu aulize, na mwalimu awe na subira ya kutolijibu swali siku hiyohiyo.

Nitaeleza kadiri mwaka ulivyokwenda, ila sitagawa sawasawa. Mambo mawili tulitembea nayo mwaka mzima, kivuli na mvua. Hayo nitayasema kwa kirefu. Mengine yalikuwa ya wiki moja moja.

KIVULI

Wiki ya kwanza tulichimbia mti ulionyooka uwanjani, mahali ambapo kivuli cha jengo wala cha mwembe hakifiki. Juu ya ardhi tuliacha mita moja kamili. Kusimama wima tulikuhakikisha kwa timazi, yaani uzi uliofungwa jiwe, na mzazi mmoja ambaye ni fundi mwashi alikuja akawaonyesha watoto namna ya kuutazama uzi kutoka pande mbili. Kuanzia hapo, mara moja kila mwezi, siku yenye jua, kikundi cha zamu kilitoka kabla ya saa sita mchana na kuweka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Mwisho wanatafuta kokoto iliyo karibu zaidi na mti, wanapima umbali kwa sentimita, wanaandika kivuli kilielekea wapi. Kazi yote ndiyo hiyo. Kanuni ya kwanza kabla ya kutoka: hakuna anayelitazama jua lenyewe, tunatazama chini.

Jambo la kwanza kuwashtua lilikuwa saa. Watu wazima wote wamewaambia kwamba saa sita kamili jua huwa utosini. Kokoto zikasema kivuli kinazidi kufupika mpaka saa sita na nusu na ushei, ndipo kinageuka na kuanza kurefuka. Januari walisema saa yangu inakimbia. Februari wakaazima saa ya mwalimu wa zamu, wakapata jambo lilelile. Nikanyamaza. Jibu nililitoa Agosti, wakiwa na vipimo vya kutosha mikononi: saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa kufuata longitudo ya 45 mashariki, ambayo haipiti Tanzania kabisa. Sisi Morogoro tuko karibu na longitudo ya 37.7. Dunia huchukua dakika 4 kuzunguka nyuzi 1, kwa hiyo jua linatufikia karibu nusu saa baada ya saa kusema ni sita. Nilipoandika hesabu hiyo ubaoni waliimaliza wenyewe kabla yangu, kwa kuwa jibu la nusu saa walikuwa nalo kwenye daftari tangu mwanzo wa mwaka.

La pili ni upande. Katikati ya Januari kivuli kifupi kilikuwa kama sentimita 26, kikielekea kaskazini. Katikati ya Februari kimebaki kama 11. Siku za mwanzo za Machi kikapotea. Kokoto ikakaa kwenye shina la mti wenyewe. Mwanzoni mwa Aprili kikatokea tena, sentimita 21, lakini sasa kinaelekea kusini. Hapo darasa lilikataa. Kundi zima lilirudi nje kupima upya wakiamini wenzao wamechanganya pande. Mei kikawa zaidi ya 40, mwanzoni mwa Juni 56. Tarehe 21 Juni, ambapo kivuli chetu cha mchana huwa kirefu kuliko siku zote, shule zimefungwa, ila watoto wanaoishi jirani walikuja wakapima wakapata 58. Julai kikaanza kurudi nyuma.

Kila kipimo tulikata ukanda wa boksi wenye urefu uleule wa kivuli, tukaubandika ukutani: cha kusini juu ya mstari, cha kaskazini chini yake. Kufika Septemba ukuta ulikuwa na umbo la wimbi. Sikuwa nimetamka neno grafu. Msichana mmoja, ambaye kwenye masomo ya ubaoni huwa haongei kabisa, alisimama akaweka kiganja pale mstari unapokutana na mteremko wa kanda, akasema, "Mwalimu, mwezi ujao kitapotea tena." Nikaandika utabiri wake ubaoni pamoja na tarehe. Oktoba, siku ya tisa na ya kumi, darasa zima lilikuwa nje. Kilipotea.

Naendelea na mvua baadaye kidogo. Maswali karibuni.

Chaki Mpya

Mwalimu, heshima yako. Mimi ndiyo mwaka wa kwanza kazini, nina watoto themanini na mmoja. Swali langu ni moja tu: unawatoaje nje watoto tisini bila vurugu? Mimi nikisema "tutoke" nusu wanaishia kwenye bomba la maji.

Mwl_LaNne

Sitoki na tisini. Darasa nimeligawa vikundi vya watoto sita sita na kila mtoto ana kazi yake: mmoja anagawa na kurudisha vifaa, mmoja anapima, mmoja anasoma kipimo kwa sauti, mmoja anaandika, mmoja anahakiki kwa kupima mara ya pili, na wa sita ndiye atakayesimama mbele kulieleza darasa. Kazi zinazunguka kila wiki. Vikundi vitatu vinatoka, vilivyobaki vina maswali ya kufanya ndani. Mwezi unaofuata ni zamu ya wengine. Kwa hiyo kwenye kivuli mtoto mmoja mmoja hakupima mara nyingi, lakini kila mwezi alisikia matokeo ya wenzake na alikuwa na sababu ya kuyabishia.

Huyo wa kuhakiki usimwache. Kikundi chenye vipimo viwili visivyolingana kina jambo la kuzungumza. Kikundi chenye kipimo kimoja kinaandika na kukaa.

Na kabla ya kutoka, swali liwe ubaoni. Mtoto anayetoka bila swali anaenda kucheza, na haki yake. Mwandikie: "Je, kivuli cha leo kitakuwa kirefu au kifupi kuliko cha mwezi uliopita?" Kila kikundi kinaandika jibu lake kwanza, ndipo mlango unafunguliwa. Utaona mbio za bomba zinapungua, kwa sababu wanataka kujua nani amepatia.

BabaWatatu

Mwalimu, nasema kama mzazi, usinielewe vibaya. Mwanangu yuko la nne na anafundishwa hivyohivyo. Nikifungua daftari nakuta mistari minne na mchoro wa chupa. Kila Oktoba la nne wana Upimaji wa Kitaifa. Maswali ya NECTA, baraza la mitihani, hayaji na kokoto. Hawa watoto wanajiandaa lini?

Mwl_LaNne

Ndugu yangu, hofu yako ni halali na hata mimi nisingefurahia daftari tupu. Kwetu kila tendo lina kurasa mbili: moja ya vipimo na mchoro, ya pili ya maswali ya kawaida ya mada hiyo, yakiwemo ya mtindo wa upimaji. Tendo lisiloishia kwenye kuandika nalihesabu halijaisha. Mwalimu wa mwanao akikupa mistari minne, muulize kwa upole maswali ya mada yako wapi. Ni haki yako kuuliza.

Ila nikuombe jambo moja. Mwanao akirudi nyumbani, usianze na daftari. Mwambie akueleze walichopima na kwa nini. Akieleza mpaka ukaelewa wewe, basi swali la upimaji kuhusu mada hiyo halitamtisha. Akikwama, hapo ndipo pa kurudi kwa mwalimu.

Sasa mvua.

MVUA

Chupa ya maji ya lita moja na nusu, ile yenye ubavu ulionyooka. Unakata sehemu ya juu, unaigeuza na kuirudisha kama faneli. Chini ya chupa kuna mabonde, kwa hiyo unatia kokoto ndogo na maji mpaka yapite mabonde hayo, unachora mstari wa sifuri. Kuanzia mstari huo unabandika ukanda wenye alama za milimita. Chupa inasimama juu ya tofali, mbali na paa na miti, ili matone yanayoruka kutoka ardhini yasiingie. Inasomwa kila asubuhi muda uleule, kabla ya mstarini, kisha inarudishwa kwenye sifuri. Basi.

Jambo kubwa lilitokea Machi, masika ilipoanza. Watoto waliamini kabisa kwamba chombo kipana kinapata "mvua nyingi zaidi". Sikubisha. Nikasema kila kikundi kilete chombo chake: kopo la rangi, chupa, ndoo ndogo, bakuli la plastiki, mradi kuta zake ziwe zimenyooka kutoka juu hadi chini. Bakuli lililotanuka mdomoni nalo tuliliweka, makusudi. Usiku ule mvua ikanyesha ya kutosha. Asubuhi wakaingiza rula chombo kimoja kimoja. Ndoo, kopo na chupa vyote vilikaribiana, tofauti ya milimita moja au mbili. Bakuli lililotanuka peke yake lilikuwa mbali na wenzake.

Kazi iliyofuata ilichukua wiki nzima na sijutii hata kipindi kimoja: kueleza kwa nini. Kundi moja lilimwaga maji ya ndoo na ya chupa kwenye vikopo vya kupimia wakaona ndoo ina maji mengi mara kadhaa. "Kwa hiyo ndoo ilipata mvua nyingi?" Mwingine akasema ndoo ina mdomo mpana, lakini pia ina sakafu pana ya kuyatandaza hayo maji. Huyo ndiye aliyelipa darasa jibu. Bakuli limekusanya kwa mdomo mpana, limehifadhi kwa kitako chembamba, ndiyo maana kina chake kimepanda. Mtoto wa darasa la nne akishafika hapo, habari ya eneo na ujazo hutamkaririsha.

Tukaenda mbele. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tulitandaza nailoni ndani ya fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja, kwenye sakafu iliyo sawa, tukamwaga lita moja. Yalitanda membamba, unene wa milimita. Kisha wakapima darasa letu kwa kamba: mita 9 kwa 7, yaani mita za mraba 63. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya paa lenye eneo hilo, lita zinazoteremka ni 63 mara 20, yaani 1,260. Ukigawa kwa ndoo ya lita 20 unapata ndoo 63.

Watoto wetu wanakuja shule na vidumu vya maji kichwani. Hesabu ile haikuhitaji maelezo. Wameona mvua ya usiku mmoja tu ikimwaga ndoo 63 chini kutoka paa moja, na shule ina mapaa mengi. Barua ya kuomba mfereji wa bati na simtanki waliiandika wenyewe kwenye kipindi cha Kiswahili, na hesabu wakaiambatanisha. Kamati ya shule iliipokea kwenye kikao. Mfereji wa paa moja umeshafungwa kwa nguvu za wazazi, tanki bado.

Mstaafu Ubao

Nimesoma kwa makini. Nilishika chaki miaka mingi na nimestaafu. Haya mnayoyaita mapya sisi tuliyakuta. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na kila shule ikawa na shamba. Tulilima, tulifuga kuku, tuliuza mboga. Leo mtoto akishika jembe mzazi anakuja juu.

Mwl_LaNne

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umefika kwenye uzi huu, na kwa hilo la 1967 nina neno.

Kile kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea kilitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo: watoto wapange, wajaribu, waone matokeo ya kazi yao, na wawe na sauti katika uamuzi. Palipokuwa na mwalimu aliyekisoma hivyo, walitoka watu wa maana, na pengine wewe ulikuwa mmoja wa walimu hao. Lakini shule nyingi zilishika jembe zikaacha daftari. Mtoto alilima matuta ya mwalimu, mahindi yakavunwa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini tuta hili limezaa na lile halikuzaa. Wazazi wanaokuja juu leo wengi ndio waliolima bila kuulizwa. Siwalaumu.

Sisi tuna bustani ndogo ya mchicha nyuma ya darasa, matuta manne sawa kwa upana na urefu. La kwanza lina samadi, la pili halina kitu, la tatu limefunikwa majani makavu, la nne lina samadi na majani pia. Maji ni yaleyale, kipimo cha kopo. Mchicha una faida moja kubwa kwa mwalimu: baada ya wiki tatu au nne unang'olewa, kwa hiyo jaribio linakwisha watoto wakiwa bado wanakumbuka lilianzaje. Wakahesabu mimea iliyoota, wakapima urefu, wakapima mafungu kwa mzani. Tuta la pili ndilo lililofundisha kuliko yote, kwa sababu ndilo la kulinganishia. Mtoto mmoja alitaka tulionee huruma tulitie samadi. Wenzake wakamkatalia wakisema, "Tukilitia samadi tutajuaje?" Hapo niliwaacha wafike wenyewe.

Kufyeka nyasi za uwanja ni usafi na una nafasi yake. Tusiuite elimu kwa vitendo.

Mzazi Kilifi

Salamu kutoka Kilifi, mwalimu. Huku Kenya mtaala wa umilisi ulianza 2019 kwa gredi za chini, ukachukua nafasi ya 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) iliyokuwapo tangu 1985. Wazo ni zuri, sikatai. Lakini sisi wazazi tumechoka. Jioni mtoto anakwambia kesho mwalimu anataka manila, gundi, rangi, kikapu cha ukili. Duka limefungwa, pesa hakuna, na mwisho kikapu anasuka mama. Mtoto ajifunza nini hapo?

Mwl_LaNne

Hajifunzi, ndugu yangu, na umesema kweli tupu. Kazi iliyofanywa na mama usiku ni kazi ya mama.

Kwangu nina masharti mawili. Tendo linafanyika shuleni, mbele yangu, kwa mikono ya mtoto. Nyumbani hakuna kinachotumwa kutengenezwa. Na kifaa kisiwe cha kununuliwa dukani kama kijijini kipo kinachofanya kazi hiyo. Vizibo vya soda tunaokota. Chupa za maji zimejaa. Vijiti vya kuhesabia tunafunga kumi kumi kwa mpira wa tairi bovu. Mchanga ni bure. Kilichonunuliwa mwaka mzima ni vitu vichache, betri, glopu za tochi na futikamba, na vilitoka kwenye ruzuku ya shule kwa idhini ya mwalimu mkuu.

Nikupe mfano wa sehemu, zile za nusu na robo, mada inayowasumbua watoto kuliko zote. Tulitumia vipimo vya sokoni. Sado tano za lita nne zinajaza debe la lita ishirini, hilo kila mtoto anayetumwa sokoni analijua. Wazee wakawaongezea kibaba na pishi, kwamba vibaba vinne ni pishi moja. Tukaleta sado moja na vikopo tulivyokata wenyewe kwa kupima: kimoja kinaingia sado mara mbili, kingine mara tatu, kingine mara nne. Mchanga mkavu. Nikauliza, kabla hawajagusa kitu: kopo la moja ya tatu na la moja ya nne, lipi kubwa? Karibu darasa zima wakachagua moja ya nne, kwa kuwa nne ni kubwa kuliko tatu. Wakachota. Kopo la moja ya nne lilihitaji kuchotwa mara nyingi zaidi kuijaza sado ileile, kwa hiyo ndilo dogo. Walirudia, wakabadilishana makopo, wengine wakageuza kopo kuangalia kama lina kitako cha uongo.

Kisha nusu na robo wakazimwaga pamoja kwenye sado: imebaki nafasi ya kopo gani? Hapo wanajumlisha sehemu bila kujua kwamba wanajumlisha. Kanuni ya asili na kiasi niliiandika siku ya tatu, na ikaonekana kama njia fupi ya kuandika kitu wanachokijua tayari.

Huko kwenu pwani bao la kete bado lipo. Mashimo 32, kete 64. Kwa kugawanya na kubaki hakuna zana bora, na halitengenezwi usiku na mama.

Mzazi Kilifi

Ahsante sana, mwalimu. Hilo la kufanyia shuleni nalipeleka kwenye mkutano wa wazazi.

Chaki Mpya

Mwalimu, na yale mengine ya wiki moja moja? Ulitaja udongo kwenye kichwa cha uzi.

Mwl_LaNne

Udongo tuliufanya Julai, baridi ya kipupwe, ardhi ikiwa kavu na rahisi kuchimbika. Chupa angavu, theluthi moja udongo, maji mpaka karibu ijae, kifuniko, tikisa kwa nguvu, weka mezani, usiguse tena. Sampuli tatu: mchanga wa mtoni, udongo wa bustani, na wa kichuguu. Mchanga unatua chini ndani ya dakika moja hivi. Chembe za kati zinachukua saa kadhaa. Mfinyanzi unabaki kwenye maji mpaka kesho yake, maji bado yana rangi. Wakipima kila tabaka kwa rula wanaona kwa macho udongo wao umeundwa na nini.

Chupa ya kichuguu iligeuka darasa la watoto wawili ambao wazazi wao wanafyatua matofali. Walisimama wakaeleza kwa nini nyumbani kwao udongo wa kichuguu hutafutwa: unashikamana, tofali halimeguki. Mmoja wao huwa wa mwisho kwenye mitihani ya darasa. Siku ile wenzake walimuuliza maswali yeye, na alijibu yote. Nasisitiza hili kwa sababu darasani tuna watoto wenye ujuzi mkubwa wa nyumbani, na ubao peke yake haujui kuwauliza.

Umeme: betri ya tochi, glopu, vipande viwili vya waya. Usiwaonyeshe. Wape na uwaache wahangaike mpaka iwake, kisha wajaribu msumari, kijiti, karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti, rula, waone kipi kinapitisha. Waambie mapema na mara nyingi: soketi ya ukutani haiguswi, na betri haipasuliwi.

Kuchuja maji kwa kokoto, mchanga na mkaa ni zuri na watoto hulipenda, ila hakikisha hawanywi. Maji yakitoka maangavu bado yana vijidudu. Tulichemsha mbele yao tukaishia hapo.

Maharage na mahindi kwenye gilasi yenye gazeti lililolowa kila mtu anajua, sina la kuongeza isipokuwa hili: chora kila siku, hata siku ambayo hakuna kilichobadilika. Wanazoea kuandika walichokiona na kuacha walichokitarajia.

BabaWatatu

Mwalimu, nimerudi. Jana nilifanya ulivyosema, nikaanza na maongezi kabla ya daftari. Alinieleza habari ya chupa na bakuli mpaka mama yake akaja kusikiliza. Kuna sehemu alikwama, nimeiandika, shule ikifunguliwa naenda kumuona mwalimu wake. Nashukuru.

Mwl_LaNne

Nenda, baba. Na mwalimu wake atafurahi kumpata mzazi mwenye swali mahususi.

Mwanakigoma

Mwalimu, niko Kigoma, nina la tano. Nimevutiwa na kijiti. Lakini nilijaribu zamani, saa sita na nusu kivuli changu kilikuwa bado kinafupika, nikadhani nimekosea kusimamisha mti. Na mwenzangu aliyeko Mtwara anauliza tarehe za kivuli kupotea kwao ni zipi.

Mwl_LaNne

Hukukosea, mkuu. Kigoma iko karibu na longitudo ya 29.6, tofauti na 45 ni nyuzi 15 na kitu, zidisha kwa dakika 4 unapata kama saa nzima. Kwenu kivuli kifupi kinapatikana karibu na saa saba mchana, na kinasogea mbele au nyuma kwa hadi robo saa hivi kulingana na mwezi. Februari kinachelewa zaidi, mwanzoni mwa Novemba kinawahi zaidi. Kwa hiyo watoto waanze kuweka kokoto saa sita na dakika 35 na wasiache kabla ya saa saba na dakika 25. Wakifanya mwaka mzima wataliona na hilo la kuwahi na kuchelewa, ambalo mimi kwa darasa la nne sikuligusa. La tano wanaweza.

Mtwara iko karibu na nyuzi 10 na robo kusini ya ikweta, kwa hiyo jua linapita juu yao wiki ya mwisho ya Februari na tena karibu na tarehe 20 Oktoba. Mwanza ni katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Kadiri ulivyo karibu na ikweta ndivyo tarehe zako zinavyosogelea Machi 21 na Septemba 23. Mwambie wa Mtwara asiwape watoto tarehe. Aanze kupima Januari, na ifikapo katikati ya Februari awaulize wao kivuli kitaisha lini.

Mkipata vipimo viwekeni hapa, pamoja na jina la wilaya na saa mliyopimia. Mimi nitaweka vya Morogoro kila mwezi kuanzia Januari, halafu watoto wa Kigoma, Mtwara na wa kwangu walinganishe namba zao.